Kutoa ni Moyo, Kulipa ni Wajibu

Machi 16, 2020 Serikali ilitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa corona amethibitika hapa nchini. Hazikupita siku nyingi, makampuni, mabenki na wafanyabiashara wakaanza kufika katika ofisi za viongozi wakiwa na ndoo, sabuni, vitakasa mikono, barakoa na hundi. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, alipokea michango ya namna hiyo kwa niaba ya Taifa. Serikali nayo ilifuta mbio za Mwenge na sherehe za Muungano za mwaka huo, na fedha zilizokuwa zimetengwa kwa shughuli hizo zikaelekezwa katika mapambano dhidi ya ugonjwa huo.

Nyanda za Juu Kusini hazikuwa kando ya jambo hilo. Mikoa ya Mbeya na Iringa ina mashamba makubwa ya chai huko Mufindi na Rungwe, msitu wa Taifa wa Sao Hill na viwanda vya mbao vinavyouzunguka, kiwanda cha karatasi Mgololo, saruji Songwe, maziwa Iringa, vinywaji Mbeya mjini, mpunga Mbarali na dhahabu Chunya. Katikati yake yote inapita barabara kuu iendayo Tunduma, yenye malori mchana na usiku, na sambamba na hayo reli ya TAZARA inapita Mbeya. Mahali penye utajiri wa namna hiyo na mwendo wa watu wa namna hiyo, maradhi hayakosi njia ya kuingia, na wenye mali hawakosi kuombwa msaada.

Ni haki kusema mapema kwamba msaada uliotolewa wakati wa dhiki haupaswi kubezwa. Muuguzi wa zahanati aliyepata glavu wakati bohari ni tupu hana sababu ya kuuliza nembo iliyochapwa juu ya boksi. Mama aliyejifungua salama kwa sababu kituo kilipata kitanda na taa hana deni la kumlaumu aliyetoa. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Na makampuni mengine madogo ya mikoani, ambayo hayana hazina kubwa, yamethibitisha usemi huo kwa vitendo.

Lakini shukrani haizuii kufikiri. Jambo linalopasa kuangaliwa ni namna msaada huo unavyotolewa, unavyopokewa, na unavyodumu baada ya wapiga picha kuondoka.

Chukua mfano wa ndoo ya maji tiririka, ambayo mwaka 2020 ilionekana mlangoni mwa kila ofisi, duka na kituo cha mabasi. Ndoo ile ina koki chini na kifuniko juu. Haina mto ndani yake. Katika kijiji ambacho akina mama huteremka bondeni alfajiri na kupanda mlima na dumu kichwani, mtu fulani lazima aijaze ndoo hiyo kila siku. Na mtu huyo aghalabu ni mwanamke yule yule au mtoto wa shule. Kampuni iliyotoa ndoo mia imefanya jema. Hata hivyo, ndoo hizo mia zimeongeza safari za bondeni, wala hazikuongeza tone moja la maji kijijini. Laiti kijiji kingeulizwa, yumkini kingesema: tupeni ndoo ishirini, na fedha za ndoo themanini zilizobaki zinunue mabomba ya kushusha maji kutoka chemchemi ya juu. Kijiji hakikuulizwa. Kililetewa.

Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la misaada mingi ya wakati wa dharura: mtoaji huamua haja ya mpokeaji. Wapo watakaosema kwamba anayepewa hana haki ya kuchagua. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama zawadi ingekuwa imetoka mfukoni mwa mtoaji peke yake. Ukweli hauko hivyo, na yafaa wananchi waelezwe.

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inairuhusu kampuni kupunguza katika hesabu ya mapato yake yanayotozwa kodi michango iliyotoa kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii, mradi isizidi asilimia 2 ya mapato yake ya biashara. Mwaka 2020 Bunge liliongeza nafuu kama hiyo kwa michango iliyotolewa kwa Serikali kwa ajili ya kupambana na corona. Sasa tuseme kampuni ina mapato ya shilingi bilioni 1, ikatoa msaada wa shilingi milioni 20. Kodi ya makampuni ni asilimia 30. Kwa kutoa milioni 20 hizo, kampuni inapunguziwa kodi ya shilingi milioni 6. Maana yake ni kwamba katika kila shilingi 20 zinazotangazwa kuwa ni ukarimu wa kampuni, shilingi 6 ni kodi ambayo ingeingia Hazina na kununua dawa zile zile. Hakuna ubaya katika utaratibu huo. Umewekwa na sheria ili kuwatia moyo watoaji. Lakini mwananchi ambaye Hazina yake imechangia zawadi hiyo ana haki kamili ya kuuliza inakwenda wapi, na kuulizwa anataka nini.

Jambo la pili ni mpaka baina ya hisani na wajibu. Mpaka huo husahaulika kwa urahisi sana wakati wa maradhi, kwa kuwa kila mtu ana haraka.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi wake vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Hivyo basi barakoa aliyopewa mchuma chai wa Mufindi, glavu alizopewa mpasua mbao wa Mafinga, na sabuni iliyowekwa katika vyoo vya kiwandani, havikuwa sadaka. Vilikuwa haki ya mfanyakazi, kama vile mshahara ulivyo haki yake. Kampuni inayoandika vitu hivyo katika orodha ya misaada iliyotoa kwa jamii inajipongeza kwa kulipa deni.

Vivyo hivyo kwa ushuru. Chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, kampuni hutakiwa kulipa halmashauri ushuru wa huduma, ambao ni sehemu ndogo ya mauzo yake. Wanunuzi wa mazao nao hulipa ushuru wa mazao. Fedha hizo ndizo zinazotakiwa kuezeka zahanati na kuchonga barabara ya kumfikisha mgonjwa hospitali. Kampuni inayolipa kodi yote, ushuru wote na mishahara halali kwa wakati, kisha isitoe hata ndoo moja, imelifaa Taifa kuliko ile inayotoa ndoo elfu moja huku ikificha mauzo yake. Ya kwanza haitapigwa picha. Ya pili itapigwa picha na kupewa cheti. Lakini kitabu cha halmashauri kitaonyesha nani amejenga na nani amepamba.

Isidhaniwe kwamba hayo ni maneno ya kuwachukia wenye mitaji. Mfanyabiashara mwaminifu ndiye anayeumizwa kwanza na mchezo huo, kwa sababu mshindani wake anatumia sehemu ndogo ya kodi aliyokwepa kununua sifa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Jambo la tatu ni muda. Corona ilikuwa dharura iliyosikika dunia nzima. Machi 2020 kampuni ya Unilever ilitangaza kutoa sabuni, vitakasa na bidhaa nyingine zenye thamani ya euro milioni 100 duniani. Wakati huo mashamba makubwa ya chai ya Mufindi yalikuwa chini ya kampuni hiyo. Mwaka 2022 biashara yake ya chai iliuzwa kwa wamiliki wengine. Kiwanda cha Mgololo kilijengwa na Serikali katika miaka ya 1980, kisha kikabinafsishwa. Kiwanda cha saruji cha Mbeya nacho kimepita katika mikono zaidi ya mmoja. Hilo ndilo tabia ya biashara: mali huuzwa na kununuliwa, na mwenye mali wa leo si lazima awe wa kesho. Lakini kijiji hakiuzwi. Watu wake wanabaki pale pale, na watoto wao wanazaliwa pale pale. Kwa hiyo ahadi ya mdomo aliyoitoa meneja kwa mwenyekiti wa kijiji, hata kama ilitoka moyoni, inaondoka na meneja huyo siku anapohamishwa. Ahadi inayotaka kudumu sharti iandikwe, iwekwe katika kumbukumbu za halmashauri ya wilaya, na imfunge mnunuzi atakayekuja baadaye.

Tena, ziko dharura zisizosikika. Mikoa hii imeishi kwa zaidi ya miaka thelathini na dharura iliyo kubwa kuliko corona. Utafiti wa Taifa wa mwaka 2022/2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima nchini yalikuwa asilimia 4.4. Mkoani Mbeya yalikuwa asilimia 9.6, mkoani Iringa asilimia 11.1, na katika Mkoa wa Njombe, ambao hadi mwaka 2012 ulikuwa sehemu ya Iringa, asilimia 12.7. Yaani katika mikoa hiyo mtu mzima mmoja katika kila kumi hivi anahitaji dawa kila siku ya maisha yake. Kazi za msimu mashambani na misituni, zinazowatenga watu na familia zao, na mwendo wa barabara kuu, ni miongoni mwa mambo yaliyousaidia ugonjwa huo kuenea. Kwa maneno mengine, uchumi ule ule unaoyapa makampuni faida umechangia pia kupitisha maradhi. Ugonjwa wa namna hiyo haumalizwi kwa sherehe ya siku moja ya Desemba mosi.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya gharama za vita hivyo ilibebwa na wafadhili wa nje, hasa Marekani kupitia mpango wake ulioanza mwaka 2003. Januari 20, 2025 Rais mpya wa nchi hiyo alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Sahihi moja, iliyotiwa Washington, ikawatia hofu wagonjwa wa Makandana, Tosamaganga na Mafinga ambao hawajawahi kumchagua wala kumwona mtu aliyeitia. Hapo ndipo wengi walipokumbuka kwamba mwaka 1967 Azimio la Arusha lilikwisha kuonya kwamba nchi inayotegemea zawadi na mikopo ya wengine kwa maendeleo yake inauweka uhuru wake rehani. Onyo hilo lilitolewa kwa Taifa. Lakini lililo kweli kwa Taifa mbele ya mfadhili wa nje ni kweli pia kwa kijiji mbele ya kampuni. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na kijiji ambacho dawa zake hutegemea hisani ya shamba jirani kinaweza kushindwa kusema neno pale shamba hilo linapochafua kijito chake.

Baada ya tukio hilo Serikali ilitafuta njia ya ndani. Katika bajeti ya mwaka 2025/2026 ziliwekwa tozo katika baadhi ya bidhaa na huduma ili kuutunisha Mfuko wa Udhamini wa UKIMWI na kugharimia bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Hiyo ndiyo njia ya heshima: mchango unaojulikana kiasi chake, unaotozwa kwa sheria, usiomfanya mgonjwa apige magoti. Makampuni ya Mbeya na Iringa yanayotaka kutoa zaidi ya hapo yamefunguliwa mlango. Nafuu ya kodi ipo kwa michango iendayo katika Mfuko huo. Na mfano wa kampuni kujifunga kwa muda mrefu upo pia, kwa kuwa tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita umekuwa ukiendesha upandaji wa Mlima Kilimanjaro kila mwaka kuchangisha fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Mtu anaweza kuuliza mengi juu ya migodi. Lakini kurudia jambo jema mwaka hadi mwaka ni tofauti na kulifanya mara moja wakati wa kelele.

Nani basi aamue msaada utumike vipi? Jibu halihitaji kutafutwa mbali. Wilayani Rungwe wakulima wadogo wa chai, kupitia chama chao, wamewahi kupata nyongeza ya bei inayotokana na biashara ya haki. Sharti la nyongeza hiyo ni kwamba mnunuzi haamui itumike wapi. Wanachama wenyewe hukutana, hubishana na kupiga kura: ama darasa, ama zahanati, ama daraja. Katika mikutano ya namna hiyo hutokea makosa, maana watu ni watu. Lakini kosa la mkutano husahihishwa na mkutano, na mradi uliopigiwa kura na watu hulindwa na watu. Bati la zahanati hiyo likiibwa usiku, kijiji kizima hutoka kumtafuta mwizi.

Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, imekwisha kuukubali msingi huo kwa sehemu. Inamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali. Hivyo mchimba dhahabu wa Chunya anabanwa na sharti hilo. Hakuna sababu ya msingi kwa mvuna mbao, msindika chai, mtengeneza saruji au mpika bia kungoja sheria nyingine ndipo afanye vivyo hivyo. Mti wa Mufindi na jani la chai la Tukuyu vinatoka katika ardhi ile ile ya Watanzania.

Hata hivyo lawama zote zisitupiwe makampuni. Viongozi wa mikoa, wilaya na vijiji wanayo sehemu yao. Wako wanaopokea msaada bila kuuandika popote. Wako wanaokubali mashine ambayo hospitali haina mtaalamu wa kuiendesha wala umeme wa kuiwasha, kwa kuwa kukataa kungeonekana ni utovu wa adabu. Wako wanaowaita wagonjwa, akina mama wenye watoto mgongoni, kusimama juani kwa saa nyingi wakimngoja mgeni rasmi aje akabidhi sabuni. Huo si ukarimu kwa maskini. Ni kumlipisha maskini kwa jua na kwa aibu. Na katika ugonjwa unaoambukizwa kwa mkusanyiko, kama ulivyokuwa ule wa mwaka 2020, kukusanya umati ili kukabidhi vifaa vya kuzuia maambukizi ni kichekesho kisichochekesha.

Dawa ya hayo ipo na haina gharama. Sheria inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukutane angalau mara moja kila miezi mitatu. Katika kila mkutano huo, yafaa mtendaji asome kwa sauti orodha ya misaada yote iliyopokewa: imetoka kwa nani, ina thamani gani, iko wapi leo. Kila zahanati inayo kamati yake ya usimamizi na akaunti yake ya benki. Fedha za msaada ziingizwe humo, si katika bahasha. Vifaa vipokewe kwa hati, na mganga wa kituo awe na haki ya kusema hiki hakihitajiki, tunahitaji kile. Kisha baada ya mwaka mmoja mtoaji na mpokeaji warudi pamoja mahali pale pale, bila ngoma wala hotuba, wakaangalie kama koki bado inatoa maji.

Maradhi mengine yatakuja. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 jijini Dar es Salaam kilienea katika sehemu kubwa ya nchi na kuwapata watu zaidi ya 30,000 kabla ya kutulia. Marburg ilizuka mkoani Kagera mwaka 2023, na tena mwaka 2025. Tunduma ni mlango wa nchi, na malori mengi yapitayo mlango huo hupita Mbeya na Iringa. Kungoja mpaka mgonjwa wa kwanza atangazwe ndipo makampuni yaanze kununua ndoo ni kungoja nyumba ishike moto ndipo kisima kichimbwe.

Kwa hiyo halmashauri za mikoa hii miwili zinapaswa kuyaita makampuni mezani sasa, wakati hakuna hofu wala kelele, na kuandikiana nayo mapatano ya wazi: maji katika kila zahanati iliyo jirani na shamba au kiwanda, akiba ya vifaa vya kinga inayokaguliwa kila mwaka, gari la wagonjwa lenye fungu la mafuta, na upimaji na dawa kwa vibarua wa msimu sawa na wafanyakazi wa kudumu. Kampuni itakayotimiza hayo itakuwa imestahili shukrani, na shukrani hiyo itatoka kwa watu walio sawa nayo, waliokaa nayo meza moja na kutia sahihi karatasi moja.